Kutafuta damu ubongoni kwa altrasaundi ya mkononi kabla ya kufika hospitali

Dereva wa bodaboda anaanguka usiku kwenye barabara ya vumbi. Anainuka, anajipangusa, anaongea na waliomzunguka, anakataa kupelekwa popote. Saa moja baadaye anatapika na kusinzia. Wenzake wanamfikisha kituo cha afya akiwa hajibu vizuri anapoitwa, na pombe inanuka mdomoni. Mashine ya CT iliyo karibu iko mwendo wa saa nne kwa gari. Tabibu wa zamu ana maswali mawili mbele yake, na yote mawili hayangoji asubuhi. Je, huyu amelewa, au ubongo wake unabanwa na damu? Na je, apelekwe hospitali ya wilaya iliyo jirani, au gari lipite moja kwa moja hadi kwa madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo?

Zamani tabibu huyo alikuwa na tochi, mashine ya presha na uzoefu wake. Sasa katika baadhi ya vituo vyetu kuna chombo kingine, mara nyingi kimefungiwa kwenye kabati la wajawazito: altrasaundi ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Kenya ilianza mwaka 2022 kuwapa mamia ya wakunga na wahudumu wengine vifaa vya aina hiyo. Vilinunuliwa kwa ajili ya mama na mtoto, na kazi hiyo ndiyo ya kwanza. Lakini vifaa vya mkononi, vikiwa na probu na mpangilio unaofaa, vinaweza kuchungulia ndani ya fuvu, na makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya hivyo bila kumdhuru mgonjwa na bila kumchelewesha.

Ninamwandikia mhudumu ambaye tayari amefundishwa kushika probu: tabibu, muuguzi wa gari la wagonjwa, daktari wa hospitali ya wilaya. Jambo moja naomba alishike kuliko yote yatakayofuata. Altrasaundi ya kichwa ikionyesha hitilafu, iamini kiasi cha kubadili njia ya gari. Isipoonyesha kitu, isikupunguzie wasiwasi hata kidogo.

Haraka yenyewe ina sababu. Mwaka 1981 madaktari wa Marekani wakiongozwa na Seelig walichapisha matokeo ya wagonjwa 82 walioumia kichwa na damu ikakusanyika chini ya utando mgumu wa ubongo. Kati ya waliopasuliwa ndani ya saa 4 tangu kuumia, asilimia 30 walifariki. Kati ya waliopasuliwa baada ya hapo, asilimia 90. Tiba imeendelea sana tangu wakati huo, lakini damu inayokandamiza ubongo bado inafanya kazi yake kwa kasi ileile. Saa hizo zinahesabiwa kuanzia barabarani alipoangukia, wala hazingoji mlango wa chumba cha upasuaji. Mgonjwa akipelekwa kwanza hospitali isiyo na CT, akasubiri daktari, akaandikiwa rufaa, akasubiri mafuta ya gari, zimekwisha.

Kabla ya kugusa probu

Ubongo ulioumia hauvumilii kukosa hewa wala kukosa damu. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, au presha ya juu ikishuka chini ya 90, hatari ya kifo inaongezeka sana. Kwa hiyo njia ya hewa, oksijeni, dripu na kuzuia damu inayotoka nje vinatangulia picha yoyote. Tuliza shingo. Inua upande wa kichwa kwa nyuzi kama 30. Kama unahofia uti wa mgongo, usimkunje, inamisha machela nzima. Andika alama za kipimo cha Glasgow pamoja na saa uliyopima, maana alama zinazoshuka zinasema mengi kuliko alama moja. Angalia mboni zote mbili kwa mwanga.

Na pima sukari. Nalisema peke yake kwa sababu ndilo linalosahaulika. Sukari iliyoshuka inaweza kumfanya mtu apooze upande mmoja, aropoke, apoteze fahamu, na tiba yake iko hapohapo kituoni. Ni aibu kubwa kumsafirisha mtu saa nne akitafutiwa damu ubongoni huku anachohitaji ni glukosi.

Halafu amua kama altrasaundi ina cha kukuongezea. Mgonjwa ambaye fahamu zinashuka na mboni moja imepanuka na haiitikii mwanga ameshakupa jibu. Ubongo wake unasukumwa. Huyo usimpake jeli. Piga simu, pakia, ondoka. Altrasaundi inamfaa yule wa katikati: mwenye Glasgow ya 12 au 13, mboni sawa, harufu ya pombe, maelezo yasiyoeleweka. Inamfaa pia mzee aliyeanguka wiki mbili zilizopita na leo amechanganyikiwa, na mtu aliyepooza ghafla upande mmoja.

Kwa aliyepata ajali, probu ianzie tumboni na kifuani. Mtu mzima mwenye damu ndani ya fuvu kwa kawaida presha yake haishuki kwa sababu ya damu hiyo. Mara nyingi inapanda, na mapigo ya moyo yanapungua kasi. Ukimkuta mwenye jeraha la kichwa ana presha 80, damu inayomwua tafuta kwingine: tumboni, kifuani, kwenye nyonga, kwenye paja. Nimeona wahudumu wazuri wakivutwa na jeraha la kichwani kwa sababu ndilo linaloonekana, wakati wengu umepasuka kimya.

Upimaji wa kichwa ufanyike gari likisubiriwa, au likiwa linatembea kwenye barabara tulivu. Gari likishafika, safari isicheleweshwe kwa sababu ya picha, na dereva asiambiwe asimame.

Njia ya kupita kwenye fuvu

Mfupa hunyonya na kutawanya mawimbi ya altrasaundi, ndiyo maana kwa muda mrefu iliaminika kwamba kichwa cha mtu mzima hakipimiki. Daktari Lars Leksell wa Lund, Sweden, alionyesha vingine katika miaka ya 1950. Alichukua teknolojia iliyokuwa ikitumika viwandani kutafuta kasoro ndani ya vyuma, akaielekeza kwenye vichwa vya majeruhi, akapima kama mstari wa kati wa ubongo umesogea. Njia hiyo ilienea hospitalini hadi CT ilipokuja. Mgonjwa wa kwanza alipimwa ubongo kwa CT huko Atkinson Morley, London, mwaka 1971, na hakukuwa tena na sababu ya kuhangaika na mwangwi hospitalini. Sababu hiyo imerudi njiani, mahali ambapo CT haipo.

Sehemu ya fuvu iliyo nyembamba kuliko nyingine ni kwenye panja. Weka kidole mbele ya sikio, juu kidogo ya mfupa wa shavu unaoelekea sikioni. Hapo ndipo pa kuanzia. Unahitaji probu ya mawimbi ya chini, kati ya megahezi 1 na 5, ileile ndogo ya mraba inayotumika kupimia moyo. Probu pana ya tumbo inakaa vibaya kwenye panja na mara nyingi haitoi picha ya kutegemewa. Ile bapa ya mishipa haitapita mfupa wa mtu mzima kabisa, ila itakufaa kwenye jicho. Kama mashine ina mpangilio wa kichwa, uchague. Kama haina, anza na wa moyo na ushushe masafa ya mawimbi kadiri inavyoruhusu.

Paka jeli nyingi kuliko unavyodhani inatosha, hasa kwenye nywele, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya nywele inaua picha. Alama ya probu ielekee usoni kwa mgonjwa. Ongeza kina hadi sentimita 15 au 16, uone mfupa wa upande wa pili ukijichora kama tao jeupe chini ya skrini. Hadi uuone mfupa huo, hujaingia ndani. Usipouona, sogea upana wa kidole kimoja tu kwa wakati mmoja, juu, nyuma, mbele, na kila ukisogea geuza probu polepole. Usikandamize palipovimba au penye jeraha, na kama mfupa unabonyea chini ya kidole, achana na upande huo.

Kati ya watu wazima 10, mmoja au wawili hawatakupa picha hata ufanyeje. Ni wengi zaidi miongoni mwa wazee, hasa wanawake, na watu wenye asili ya Afrika na Asia wamo katika kundi ambalo dirisha hilo huwa gumu mara nyingi zaidi. Kwa mhudumu wa kwetu hilo si jambo la pembeni. Jipe dakika mbili kila upande. Zikipita, andika "panja haikupitisha" na uendelee na mengine.

Kupima mstari wa kati

Ukishaona mfupa wa pili, tafuta shina la ubongo katikati ya picha: umbo jeusi linalofanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Ukilipata, uko mahali sahihi. Sasa inamisha probu ili miale ielekee juu kidogo, nyuzi kama 10 tu. Kipepeo anapotea, na badala yake inajitokeza mistari miwili mifupi inayong'aa, iko sambamba, na katikati yake pana weusi mwembamba. Hicho ni chumba cha tatu cha maji ya ubongo, na kwa mtu mwenye afya kinakaa katikati kabisa ya kichwa.

Simamisha picha. Pima umbali kutoka kwenye mfupa wa upande uliposhika probu hadi katikati ya weusi ule. Hamia panja ya pili, rudia vilevile. Toa umbali mdogo kutoka kwenye mkubwa, kisha ugawe kwa 2. Tuseme kutoka kulia umepata sentimita 7.6 na kutoka kushoto 6.8. Tofauti ni 0.8, nusu yake ni 0.4, yaani ubongo umesogea milimita 4. Tunagawa kwa sababu mstari ukihama milimita 4 unajitenga na upande mmoja kwa kiasi hicho na kuukaribia mwingine kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo tofauti inahesabu mara mbili. Umbali ukiwa mkubwa kutoka kulia, ubongo umesukumwa kwenda kushoto, na kinachosukuma kiko kulia.

Kosa linalojirudia hapa ni kupima kutoka kwenye uso wa probu. Mtu aliyegonga kichwa mara nyingi ana uvimbe chini ya ngozi upande mmoja, na uvimbe wa milimita 8 utakupa msogeo wa milimita 4 ambao haupo. Anza kipimo kwenye mfupa.

Kwenye CT, madaktari wa upasuaji wengi huanza kuzungumzia kisu msogeo unapozidi milimita 5. Njiani usisubiri 5. Chini ya milimita 2 hesabu kwamba ni makosa ya mkono. Milimita 3 au zaidi kwa mgonjwa ambaye fahamu zinapungua, mimi nahesabu kwamba ubongo unasukumwa, na gari lielekee kwenye chumba cha upasuaji wa ubongo.

Je, damu yenyewe inaonekana? Wakati mwingine. Damu mbichi iliyovujia ndani ya nyama ya ubongo hung'aa kuliko ubongo unaoizunguka, na donge kubwa linaweza kuonekana kama doa jeupe lenye kingo zisizo laini. Lakini vitu vingine hung'aa pia, hasa zile chembe za chokaa zinazojikusanya kwa kawaida katikati ya ubongo wa mtu mzima na ndani ya vyumba vya maji. Ukiona weupe, uutazame kutoka panja zote mbili kabla ya kuutaja. Safu nyembamba ya damu iliyolala kando ya fuvu, damu ya nyuma kwenye ubongo mdogo, iliyo juu utosini, na ile iliyosambaa juu ya uso wa ubongo baada ya mshipa kupasuka, zote zinaweza kukupita.

Kuna mitego miwili ambayo msogeo haukuonyeshi. Damu ikiwa pande zote mbili, zinasukumana na mstari unabaki katikati huku mgonjwa anakufa. Na ubongo wa mzee umesinyaa, una nafasi ya ziada, kwa hiyo unaweza kumeza damu nyingi kabla haujasogea. Ndiyo maana nimesema picha safi isikutulize.

Jicho

Neva ya jicho imefunikwa na ala inayoungana na utando wa ubongo, na maji ya ubongo yanafika hadi humo. Shinikizo ndani ya fuvu likipanda, ala inavimba. Njia hii ni rahisi kujifunza kuliko panja, na haitegemei unene wa mfupa.

Sharti la kwanza ni kwamba jicho liwe zima. Kama limechomwa, limetoboka, linavuja au una shaka tu, usiliguse, kwa sababu kulikandamiza kunaweza kumwaga kilichomo. Likiwa salama, funga kope, weka juu yake plasta nyembamba inayoonyesha, paka jeli nyingi. Tumia probu bapa ya megahezi 7.5 au zaidi. Egemeza mkono wako kwenye paji la uso au pua ya mgonjwa ili probu ielee juu ya jeli bila uzito wowote. Chagua mpangilio wa jicho kwenye mashine. Kama haupo, punguza nguvu mpaka kiashiria cha MI kisome 0.23 au chini, na usikawie. Mashine isiyoweza kushusha nguvu hiyo isiwekwe kwenye jicho.

Jicho litaonekana kama duara jeusi, na nyuma yake ukanda mweusi wa neva ukishuka. Shuka milimita 3 kutoka ukuta wa nyuma wa jicho, pima upana wa ala hapo, kutoka ukingo hadi ukingo. Pima mara mbili kila jicho, chukua wastani. Kwa mtu mzima, upana wa zaidi ya milimita 5 unaanza kutia shaka, na kuanzia 6 shaka ni kubwa. Mipaka hii inatofautiana kati ya utafiti na utafiti, kwa hiyo toa tarakimu uliyopata, usiseme tu "imevimba".

Jicho halitakuambia kilichopandisha shinikizo. Homa ya uti wa mgongo hupanua ala hiyo, uvimbe wa ubongo pia, na watafiti waliopima watoto nchini Malawi waliikuta imepanuka kwa baadhi ya wenye malaria kali ya ubongo. Kwa mtu aliyeanguka leo na jana alikuwa mzima, maana yake inaelekea kwenye damu. Kwa mtoto mwenye homa ya siku tatu, usiruke kwenye hitimisho.

Wale waliosomea Dopla wanaweza kuongeza kipimo cha mtiririko wa damu kwenye mshipa wa kati wa ubongo, njia aliyoianzisha Rune Aaslid mwaka 1982. Mshipa huo hupatikana kupitia panja kwenye kina cha milimita 45 hadi 60, damu ikija kuelekea kwenye probu. Mtiririko unaokaribia kukatika kati ya pigo na pigo, chini ya sentimita 20 kwa sekunde, ni dalili kwamba shinikizo la fuvu linaizuia damu kuingia. Asiyezoea asijaribu njiani; pembe ya probu ikikosewa tarakimu zinapotoka.

Watoto

Kwa mtoto ambaye utosi haujafunga, kwa kawaida hadi umri wa mwaka mmoja na nusu, kazi ni nyepesi mno. Utosi hauna mfupa, na vyumba vya maji vinaonekana waziwazi. Hii ndiyo njia ya kila siku ya kutafuta damu kwa watoto njiti, hasa waliozaliwa kabla ya wiki 32. Weka probu ndogo juu ya utosi bila kubonyeza, tazama kwanza kutoka mbele kwenda nyuma, halafu kulia na kushoto, na ulinganishe pande mbili. Hata hivyo, damu iliyolala pembeni chini ya mfupa inaweza kufichika.

Mtoto chini ya miaka miwili aliyeanguka na ana uvimbe laini kichwani anaweza pia kupimwa mfupa kwa probu bapa, juu ya uvimbe wenyewe, kwa jeli nyingi na mkono mwepesi. Mfupa mzima ni mstari mweupe usiokatika. Ukiona umekatika, nenda upande wa pili wa kichwa mahali palepale. Maungio ya kawaida ya fuvu la mtoto yako pande zote mbili, ufa hauko hivyo. Mtoto mwenye ufa anahitaji CT hata kama anacheza. Na mtoto ambaye maelezo ya kuumia kwake hayalingani na majeraha, andika unayoyaona bila kuongeza, na umwambie anayempokea.

Kiharusi ni suala jingine

Hapa naomba msomaji awe mwangalifu kuliko popote. Mtu aliyepooza ghafla ama mshipa wake umeziba ama umepasuka, na tiba za hali hizo mbili zinapingana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humwokoa wa kwanza na inaweza kumwua wa pili. Hata kushusha presha si jambo la kubahatisha. Utafiti wa INTERACT4 uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 2024 uliwashusha presha wagonjwa wa kiharusi wakiwa bado kwenye gari la wagonjwa, walikuwa 2,404. Kwa jumla haikusaidia. Walipotenganishwa, waliovuja damu walinufaika, na waliozibwa mshipa walidhurika.

Kwa sababu hiyo Wajerumani wa Homburg waliingiza mashine nzima ya CT ndani ya gari la wagonjwa mwaka 2008, na Berlin ikafuata mwaka 2011. Madaktari wa Regensburg wamepima mishipa ya ubongo kwa altrasaundi njiani, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen walioko Inverness, Scotland, ambako vijiji viko mbali na hospitali kama ilivyo kwetu, wamejaribu kurusha picha za altrasaundi kutoka kwenye ambulensi kwa njia ya setilaiti ili daktari aliye hospitalini azione. Kazi hizo zinatia moyo. Hakuna hata moja inayomruhusu mhudumu wa njiani kutoa aspirini, dawa ya kuyeyusha damu au sindano ya presha kwa kutegemea picha ya panja. Kwa kiharusi, altrasaundi ikusaidie kuchagua hospitali na kuiandaa. Dawa zingoje CT.

Simu

Kipimo ambacho hakikumfikia daktari anayempokea mgonjwa hakina faida. Piga kabla ya kuondoka au mara gari linapoanza kutembea, na useme kwa mpangilio mmoja kila mara. Mfano: "Mwanamume wa miaka kama 28, ameanguka na pikipiki saa tatu usiku. Saa tatu na nusu Glasgow ilikuwa 15, sasa ni 11. Mboni ziko sawa na zinaitikia. Presha 150 kwa 90, mapigo 58, oksijeni 97, sukari 6.1. Tumboni hakuna majimaji. Panja zote mbili zimepitisha; mstari wa kati umesogea milimita 4 kwenda kushoto. Ala za macho ni 6.2 kulia na 6.0 kushoto. Tumeondoka saa tano kasoro, tutafika saa tisa kasoro."

Daktari akisikia hayo anaweza kuamsha timu ya upasuaji, kuandaa damu na kuacha meza ya CT wazi. Tuma video fupi za sekunde tano au sita kwa kila panja, zenye alama ya kulia au kushoto, badala ya picha moja iliyoganda. Jina la mgonjwa lisiwemo, na zisirushwe kwenye makundi ya simu ya wafanyakazi, zimfikie anayempokea. "Panja haikupitisha" na "mstari uko katikati" ni taarifa mbili tofauti, zisichanganywe. Endelea kupima Glasgow na mboni njiani, maana hali ikibadilika uamuzi nao unaweza kubadilika.

Mkono hujengwa mapema

Usiku wa ajali si wakati wa kujifunza. Anza kwa kupimana ninyi kwa ninyi kituoni, hadi umpate kipepeo na chumba cha tatu kwa kila mwenzako mwenye panja inayopitisha. Baada ya hapo omba nafasi hospitali ya rufaa, upime wagonjwa ambao wameshapigwa CT, uandike ulichoona kabla ya kuonyeshwa jibu. Hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania imekuwa ikifundisha madaktari bingwa wa tiba ya dharura tangu mwaka 2010. Wahitimu wao leo wamo katika hospitali nyingine pia, na altrasaundi ya kando ya kitanda ni sehemu ya kazi yao. Watafuteni. Betri ichajiwe kila zamu inapobadilishana, jeli isikose kwenye gari, na probu isafishwe kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Kwa waganga wakuu wa wilaya na wasimamizi wa hospitali nina maombi mawili. Orodha ya manunuzi inapoandikwa, hakikisheni kifaa kinachonunuliwa kina uwezo wa probu ya moyo na wa probu bapa, si ya tumbo pekee. Na kila mgonjwa aliyepimwa kichwa njiani, hospitali iliyompokea irudishe majibu ya CT kwa aliyempima, ndani ya wiki hiyohiyo, kwa simu au kwa barua. Bila majibu hayo hakuna mhudumu atakayejua kama macho yake yanaona vizuri.